Vocabulaire de ville de Elisabethville: historia ya mji kinywani mwa watumishi

Mwaka wa 1965, mwaka mmoja kabla ya mji wa Elisabethville kupewa jina la Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu kilitoa kijitabu kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia. Aliyekiandika ni André Yav. Jina lake, Vocabulaire de ville de Elisabethville, laweza kumpoteza msomaji, kwani atafutaye humo kamusi hataipata. Atapata historia ya mji, kuanzia zama za Mfalme Leopold II, ikisimuliwa na wale waliopika, waliofua na waliotandika meza.

Je, tukisome kama utungo kamili ama kama mfano wa Kiswahili kibovu? Mwanafunzi aliyelelewa na sarufi ya shule hukutana na batu mahali pa watu, maneno yaliyoshikanishwa, mengine yaliyokatwa pasipostahili, na Kifaransa kilichoandikwa jinsi kinavyosikika. Mara huchukua kalamu nyekundu. Kwa maoni yetu, kalamu hiyo inaharibu ushahidi. Kiswahili cha Katanga kilikua kambini, jikoni na sokoni. Anayekisahihisha mpaka kifanane na cha Unguja anawanyang'anya wasimulizi mahali pao.

Johannes Fabian, aliyekichapisha kijitabu hicho mwaka wa 1990 kwa jina la History from Below, alifuata njia nyingine. Kalundi Mango aliyasoma maandishi kwa sauti, sauti ikanaswa, kisha ikaandikwa upya. Mengi yaliyokuwa fumbo machoni yakaeleweka masikioni. Hapo isimu inapata funzo: tahajia ya Yav inamtegemea msomaji mwenye kuijua lugha kwa kinywa, naye huukamilisha utungo kwa kuutamka mbele ya wasikilizaji.

Lakini thamani ya kitabu haiishii katika lugha. Nyaraka za ukoloni zinatunza majina ya magavana na wakurugenzi wa Union Minière. Mtumishi huitwa boy tu, neno linalomfanya mtu mzima kuwa mtoto. Katika Vocabulaire utaratibu huo umepinduka: anayetazamwa na kupimwa ni bwana. Mtumishi aliyesimama nyuma ya kiti aliyasikia maneno ya mezani. Alizijua hasira za nyumba na ubahili wake. Tena hasemi kwa ajili yake peke yake. Ni chama kinachosema, na kusimulia kwake ni kudai haki: kwamba wazee hawa walikuwapo tangu mwanzo, na kwamba mji ulisimama pia juu ya migongo yao.

Hata hivyo, sifa zisitufumbe macho. Kwanza, utungo huu ni wa kazi ambayo katika mji ule ilifanywa hasa na wanaume. Wake zao, waliotunza nyumba kwa mshahara huo mdogo, hawakupewa nafasi iliyo sawa ya kusimulia. Pili, toleo la 1990 lilichapishwa Amsterdam, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Ni kweli, baadaye maandishi yaliwekwa kwenye intaneti. Lakini mjukuu wa mtumishi wa zamani, akikaa Katuba ama Kamalondo, hawezi kukifikia kwa urahisi kitabu kilichotoka kwa babu zake.

Tangu mwaka wa 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, umeonyesha kwamba Chuo Kikuu kinaweza kuketi pamoja na wakaaji wa mji na kuzipokea kumbukumbu zao. Idara za Kiswahili zina sehemu yao katika kazi hiyo. Tunapendekeza toleo la bei nafuu, lote kwa Kiswahili, lenye maandishi ya Yav upande mmoja na matamshi yake upande wa pili, pamoja na maelezo mafupi ya maneno magumu. Wanafunzi walisome kwa sauti katika mitaa, mbele ya wazee, akina mama wakiwemo. Palipo na kosa, wazee waseme. Palipo na pengo, wajaze. Nasi tuandike kama wanavyotamka.