Wanaotunza Mwongozo wa Flowable

Flowable, programu huria inayoendesha taratibu za kazi ofisini, ilijitenga na mradi wa Activiti mwaka 2016. Majina ya vifurushi vya msimbo yakageuka kutoka org.activiti kuwa org.flowable, na mifano ya mwongozo wake ikabidi ifuate. Herufi moja ikikosewa, mfano haufanyi kazi. Utunzaji huo hauishi. Mpangilio mpya ukiongezwa, lazima mtu aandike chaguo-msingi lake; lazima pia aeleze kipima muda kinavyoandikwa katika BPMN 2.0, kiwango cha kuchora taratibu za kazi, na atahadharishe kuhusu hifadhidata kabla ya kupandisha toleo. Ni kazi ya subira kubwa, na nadra kushukuriwa. Ewe msanidi unayeutegemea mwongozo huo, ukikuta kosa, lisahihishe uwatumie watunzaji wake.