Mkono mkavu: kumsoma Hemingway kwa jicho la baiolojia

Ukimuuliza mwalimu wa fasihi kuhusu "Big Two-Hearted River" ya Ernest Hemingway, iliyotoka 1925, atakwambia ni hadithi ya vita isiyotaja vita. Sawa. Lakini hebu isome pia kama mtu wa baiolojia, maana jamaa alikuwa anaijua mito.

Nick, kijana aliyerudi kutoka vitani, anavua trauti peke yake kwenye mto wa Michigan, Marekani. Akinasa mdogo, analowesha mkono kwanza ndipo amguse, kisha anamwachia aende. Anajua mkono mkavu unaondoa ute, na pale palipobaki wazi huota ukungu mweupe. Yuko sahihi. Ute ndio kinga ya kwanza ya samaki dhidi ya vimelea. (Ukungu wenyewe, Saprolegnia, siku hizi tunauweka kwenye oomiseti, siyo kuvu halisi, ila hilo siwezi kumdai mtunzi wa hadithi.) Na usidhani haya ni ya trauti tu. Kambale wetu hana magamba kabisa, anategemea ngozi na ute basi. Kwa kuwa anaweza kupumua hewa, tunamburuza hata yule mdogo kwenye mchanga, tunamtupa mtoni na kusema huyu ni sugu, hafi.

Ninapogombana na hadithi ni kwingine. Nick anakumbuka mito iliyojaa wavuvi, trauti wamekufa, miili imeota ukungu kama manyoya. Jibu lake? Kutafuta mto usio na watu.

Sasa lipeleke jibu hilo Ruhuhu, mto unaoingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Mvua zikija, mbasa hutoka ziwani na kuupanda kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Njia yake inapita mbele ya nyavu za watu wengi. Mkono wako uwe umelowa kiasi gani, mbasa hafiki kwenye mazalia kama wenzako wameziba mdomo wa mto. Hapo lazima watu wakae, wakubaliane sehemu gani ibaki wazi na kwa miezi ipi. Nick hana hata mtu wa kubishana naye.

Isome hata hivyo. Na ukikuta panzi weusi kwenye nchi iliyoungua, usidhani ni chumvi ya mtunzi: panzi wanaogeuka weusi baada ya moto wapo kweli, hata huku Afrika.