Misuli Ambayo Kitabu Hakikuipima

Kila nikisema napiga vyuma hapa Masaku, lazima mtu aniambie susu zetu hawakuhitaji jimu. Walikuwa na jembe, na bado walikuwa na nguvu kutushinda. Zamani nilikuwa nacheka tu. Halafu nikarudi kusoma More People, Less Erosion, kitabu nilichofaa kukisoma kwa mtihani ambao sikuufanya, maana chuo niliacha kabla.

Kitabu hicho cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilitoka 1994, na kinahusu kwetu: Machakos kuanzia miaka ya 1930 hadi 1990. Hoja yake ni tamu. Wakoloni walivitazama vilima hivi vilivyochubuliwa na mmomonyoko wakasema watu na mifugo wamezidi, ardhi imekwisha. Miaka sitini baadaye watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na vilima vikawa na matuta na miti. Waandishi wanaweka picha za 1937 kando ya picha za sehemu zile zile zilizopigwa zaidi ya nusu karne baadaye. Ukizitazama unaamini. Mimi bado naamini.

Swali langu ni moja: nani alichimba? Kitabu chenyewe kinajibu. Ni vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa wameenda kutafuta kazi mjini. Kwa hivyo siwezi kusema kimewasahau. Kinawahesabu kama nguvukazi, lakini mwili wenyewe haumo.

Chukua tuta la fanya juu. Unachimba mtaro wa kama sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, kisha udongo unaurusha upande wa juu wa mteremko. Jaribu kurusha beleshi kumi tu. Mabega, mgongo, mapaja, vyote vinaitwa kazini. Sasa fanya hivyo asubuhi nzima, halafu uende mtoni kuchota maji.

Hapo ndipo nakataa ule wimbo wa jembe. Misuli haikui ukiwa unanyanyua. Inakua baadaye, ukishakula vizuri na kulala. Mimi naongeza kilo mbili na nusu mwili ukiwa tayari, na nikichoka napumzika siku mbili. Susu hakuchagua mzigo, hakuwa na siku ya kupumzika, na muthokoi alikula wa mwisho. Leo hawezi kuchuchumaa bila kushika ukuta. Kazi ilimpa nguvu, kisha ikarudi kuzichukua na riba. Ukiita hiyo mazoezi, unamdanganya yeye na mimi pia.

Na bado kuna kocha aliyeniambia nisinyanyue mzito, eti nitakuwa na mabega ya dume. Hapa, ambapo wanawake walihamisha udongo wa vilima! Homoni ya kunifanya dume sina ya kutosha, hata nikinyanyua mwaka mzima. Ninachopata ni mgongo usiouma na mifupa migumu, akiba ya ile miaka ambayo mifupa ya mwanamke huanza kupungua. Hellen Wawira Kariuki alipoleta shaba ya kunyanyua vyuma kwa wanamichezo wenye ulemavu, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022, hatukuuliza mabega yake yanafanana na ya nani. Tulipiga makofi.

Kisome kitabu hiki, hasa kama umezaliwa hapa. Bado ni jibu zuri kwa yeyote anayedhani umaskini wa Ukambani ni uvivu. Ila ukifika kwenye zile picha, usikimbilie miti.

Nilimwonyesha susu picha hizo kwenye simu. Miti hakuitazama. Alifuata mistari ya matuta kwa kidole, akauliza kama wameandika ni kina nani. Nikamwambia kuna idadi.

“Idadi,” akasema, akarudi kuchambua maharagwe yake.