Hesabu Iliyomo Mkekani

Mkeka huanza kama ukili: utepe mwembamba wa ukindu, upana wa vidole vichache, unaorefuka pima baada ya pima huku msusi akiuviringisha kando yake. Ukiutazama ukiwa bado umeviringishwa, hutajua utatoka mkeka gani. Zambarau inachomoza na kupotea, kijani kinafuata, kisha weupe mtupu. Mpango wote uko kichwani mwa msusi. Siku ukili utakapokatwa na kushonwa ukingo kwa ukingo, ndipo rangi zitakapokutana na pembe kufuatana toka pindo hadi pindo. Na kama chane moja ilipotea njia huko nyuma, siku hiyo ndipo itakapojitangaza.

Kwa hiyo naona tunaudhulumu ufundi huu tunapouita kazi ya mikono tukaishia hapo. Mikono inaonekana, lakini inayofanya kazi nzito ni hesabu. Msusi anashika mkononi sehemu ndogo kabisa ya kitu ambacho ameshakiona chote. Hana mchoro, hana rula, na mara nyingi anazungumza na jirani huku akisuka. Mwulize amefika chane ya ngapi, atakujibu bila kutazama chini.

Hata kabla ya chane ya kwanza kupindwa, maamuzi mengi yamekwisha kupita. Ukindu hutoka kwa mkindu, ule ule wa mwambao, unaoota pia mabondeni na kandokando ya maji ya Uganda. Waganda huyaita makuti yake machanga ensansa. Kuti hukatwa likiwa bado limefumba, maana likishafunguka huwa gumu na kijani chake hakitoki. Huanikwa juani hadi liwe jeupe, huchanwa chane za upana mmoja, na zile za rangi huchemshwa ndani ya sufuria ya rangi. Kila hatua ina kiasi chake. Ukindu mkavu mno hukatika, uliolowa mno hulegea ukikauka, na mkeka wake huacha matundu.

Anayetaka kuuelewa mkeka mjini Kampala namshauri aende Naguru. Kilima hiki cha mashariki mwa jiji kimebeba tabaka zote. Juu kuna nyumba za wenye nafasi na makao makuu ya polisi. Chini kuna Go-Down, mtaa wa vyumba vilivyobanana. Ukivuka barabara ya Jinja unaingia soko la Nakawa. Katikati ya hayo yote palikuwa na nyumba za kupanga za serikali, zilizojengwa na Waingereza katika miaka ya mwisho ya utawala wao kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Msomi David Parkin aliwachunguza wakazi wa Nakawa na Naguru mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1969. Aliwakuta Waganda, Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, na wengine wengi, wakiishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha.

Kwa watu wa namna hiyo, wenye chumba kimoja na kwao kuliko mbali, mkeka ulikuwa samani iliyowafaa kuliko zote. Usiku ni kitanda cha watoto, mchana ni sebule, Ijumaa ni msala, na msiba ukitokea hutandikwa uani ili wafiwa wapate pa kukaa. Katika kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, wanawake bado huketi mkekani hata pale viti vya kukodi vimejaa hema zima. Mwaka 2011 nyumba zile za Naguru na Nakawa zilibomolewa na wapangaji wakatawanyika. Kitanda kinadai gari. Mkeka unadai kwapa tu.

Kitu kinachotumika kiasi hicho ni rahisi kutosomwa. Hata hivyo Kampala ina historia nzuri ya kuzisoma kazi hizi. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa nyumbani kwake Mulago mwaka 1937 kabla masomo yake hayajahamia Chuo cha Makerere, aliamini kwamba shule ya sanaa ya Afrika lazima ivijue vyombo ambavyo watu wenyewe wanavitengeneza. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, walitoa kitabu kinene kuhusu ufundi wa makabila ya nchi hii. Wachsmann alishughulikia ala za muziki. Trowell alishughulikia nyumba, vyungu, vikapu na mikeka. Kwa mtu anayetaka kujua msuko fulani unavyokwenda, kitabu hicho bado ni hazina. Lakini kimevitaja vitu kwa makabila. Unajua mkeka ni wa watu gani. Hujui ni wa nani.

Kwa mbali, kule kusini-magharibi mwa Marekani, Wanavajo wamepitia njia inayofanana na hii. Wao hufuma blanketi na mazulia ya sufi kwenye kitanda cha mfumi kilichosimamishwa wima, wakianzia chini kwenda juu, na kwa desturi bila mchoro. Mfumaji akifika katikati huwa ameficha kichwani nusu ya pili, ambayo lazima ilingane na ya kwanza. Hesabu ni ile ile ya msusi wetu. Jeshi la Marekani liliwahamisha kwa nguvu mwaka 1864, wakarudi kwao mwaka 1868, na ufumaji ukarudi pamoja nao. Kisha wakaja wafanyabiashara, na kuna waliolinunua zulia kwa kulipima kwenye mizani, kana kwamba ni gunia la kahawa. Kazi ya miezi ikalipwa kwa ratili.

Katika miaka ya 1930 mwanaanthropolojia Gladys Reichard alifanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko kuandika. Alikwenda kukaa na familia moja ya Kinavajo karibu na Ganado, Arizona, akaomba afundishwe kufuma. Walimu wake walikuwa Maria Antonia na binti zake, Marie na Atlnaba, na kitabu alichokitoa mwaka 1934 kinawataja. Profesa aliketi chini ya mwalimu, akafuma. Nadhani hakuna njia nyingine ya kuisoma hesabu hii. Ukitazama, unaona mkono ukienda. Ukisuka mwenyewe, ndipo unapotambua ni wapi ulipaswa kuwa umeshaamua.

Uganda nayo sasa inajifunza kuhesabu wasusi kama watu wenye fikra. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya sanaa ya Venice, nchini Italia, likiwa na kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na waamuzi wakalipa sifa maalumu. Kazi za Acaye zinatokana na mikeka na visuko vya wanawake wa pande mbalimbali za Uganda, ambavyo yeye huviunganisha na kuvining'iniza kama sanamu. Wageni wa Venice walisimama kukitazama kile ambacho Naguru tunakivulia viatu na kukikalia.

Nyumbani mambo ni magumu zaidi. Mkeka wa plastiki ni mwepesi, hauogopi maji, na bei yake haimpi msusi nafasi ya kupumua. Mabonde ya mkindu yanafukiwa na kujengwa. Shuleni mtoto akiagizwa kazi ya mikono, si ajabu mzazi kupitia sokoni na kumnunulia iliyokwisha kusukwa, mtoto akapata alama za hesabu ambayo hakuifanya. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao, na sisi tumeuacha mbachao kwa msala ambao hata haukusukwa.

Sisemi plastiki ipigwe marufuku; mwenye chumba kinachoingia maji ana haki ya kuchagua. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Mwalimu wa hesabu anaweza kumwalika msusi darasani na kuwaacha watoto wahesabu chane naye. Mwenye duka la sanaa anayeandika bei kwenye kibandiko anaweza kuandika na jina. Na mnunuzi anayesimama Nakawa akitaka kupunguziwa kwa mara ya nne, aulize kwanza ukili wa mkeka ule una pima ngapi, na kila pima ilichukua muda gani. Akishajibiwa, nina hakika atalipa bei aliyotajiwa mwanzo, na pengine ataona haya kwa kuiona kubwa.