Diski Ngumu za Zamani na Kompyuta za Leo

Diski ngumu ya nje, yaani kifaa cha kuhifadhia data kinachokaa ndani ya kasha lake na kuunganishwa na kompyuta kwa kebo, huhukumiwa kuwa imekufa mara tu inaposhindwa kuonekana kwenye kompyuta mpya ya mezani. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno, kwa kuwa kati ya sahani zinazobeba data na mtumiaji kuna umeme, kebo, bodi ndogo ya kutafsiri ishara na mfumo wa mafaili, na chochote kati ya hivyo kinaweza kuharibika au kupitwa na wakati huku data yenyewe ikiwa salama.

Uchunguzi unaofaa huanzia kwenye umeme. Diski za inchi 3.5 huhitaji volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi, ndiyo maana huja na adapta ya ukutani. Zile ndogo za inchi 2.5 hutosheka na volti 5, hivyo nyingi zilitengenezwa zipate umeme kupitia kebo ileile ya USB. Hata hivyo, kwa kanuni za USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, tundu moja halilazimiki kutoa zaidi ya miliampea 500, na kwa USB 3.0 ya mwaka 2008 miliampea 900, ilhali diski ya zamani huweza kuhitaji karibu ampea nzima katika sekunde chache za kuanza kuzunguka. Dalili yake husikika: sahani huanza kuvuma, kichwa cha kusomea hugonga tik, mvumo hufifia, kisha yote huanza upya. Watengenezaji walilijua hilo, wakatoa kebo yenye plagi mbili za USB, moja ya data na umeme, ya pili ya umeme tu. Inafaa pia kutumia matundu ya nyuma ya kompyuta, yaliyo kwenye bodi kuu yenyewe, badala ya yale ya mbele yanayopitia waya mrefu na kupoteza volti njiani.

Adapta iliyopotea nayo ina hatari yake, kwa sababu plagi ya duara ya adapta ya kompyuta mpakato yenye volti 19 huweza kuingia sawasawa kwenye tundu la volti 12, na kuingia si kufaa. Volti na upande wa chanya na hasi sharti vilingane na vilivyoandikwa kwenye kasha; ampea zinaruhusiwa kuzidi, hazipaswi kupungua.

Diski zilizotumia FireWire, kiolesura kilichosanifiwa kwa jina la IEEE 1394 mwaka 1995 na kupendwa na watumiaji wa kompyuta za Apple, huzua mkanganyiko mwingine. Madukani kuna viunganishi vya bei ndogo ambavyo upande mmoja ni FireWire na wa pili ni USB, navyo kwa kazi hii ni takataka: huunganisha pini kwa pini bila kutafsiri chochote, wakati katika USB kompyuta ndiyo inayoongoza mazungumzo yote na katika FireWire vifaa huzungumza kama wenza. Isitoshe, FireWire inaruhusiwa kubeba hadi volti 30, na saketi ya USB inatarajia 5. Suluhisho halisi ni kadi ya FireWire inayochomekwa kwenye bodi kuu, na hapo kompyuta ya mezani huishinda mpakato.

Njia fupi zaidi ni kufungua kasha, kwani ndani yake kwa kawaida mna diski ileile inayofungwa ndani ya kompyuta, yenye kiolesura cha IDE au cha SATA, ambayo husomeka kwa kebo ya kuigeuza kuwa ya USB. Plagi ya umeme ya IDE ina matundu manne: waya wa njano hubeba volti 12, mwekundu volti 5, na mbili nyeusi ni za kurudishia umeme. Pembe zake mbili zimekatwa ili isigeuzwe, lakini plagi laini za bei rahisi hukubali kulazimishwa kinyume, na hapo volti 12 huingia panapostahili 5.

Kufungua huko hakutibu kila kitu. Katika baadhi ya diski za My Book za Western Digital, bodi ya kutafsiri husimba data yote hata kama mwenye diski hakuwahi kuweka nenosiri, kwa hiyo diski ikitengwa na bodi yake huonyesha vurugu tupu. Bodi nyingine huitangazia kompyuta sekta, yaani vipande vidogo kabisa vya hifadhi, za baiti 4096 badala ya 512, na diski ikichomekwa moja kwa moja ramani ya vigawanyo vyake haisomeki. Windows hapo huuliza kama diski iandaliwe upya. Jibu ni hapana, kwani kukubali huandika ramani mpya juu ya ile ya zamani.

Hubaki mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kupanga majina na mahali pa kila faili. Windows haisomi HFS+ ya Apple bila programu ya ziada, na macOS yenyewe iliacha kusoma HFS ya awali katika toleo la Catalina la mwaka 2019. Na diski ikionekana lakini ikasomeka kwa shida, hainakiliwi faili kwa faili. Programu ya GNU ddrescue huchukua kwanza sekta zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zilizogoma na kuziandika katika faili la kumbukumbu, kisha huzirudia, hivyo hata umeme ukikatika usiku wa manane kazi huendelea pale ilipoishia.