Sauti Inayotangulia Picha: Uhakiki wa Filamu Fupi ya Hali Halisi kama Kazi ya Darasani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu fupi ya hali halisi inayotengenezwa na wanafunzi wa sekondari kama kazi ya darasani. Yanadai kwamba udhaifu wake mkuu hautokani na uhaba wa vifaa, bali na mazoea ya kuandika maneno ya msimulizi kabla ya kwenda kurekodi. Mazoea hayo yana historia katika Afrika Mashariki, na tathmini ya shule inaweza kuyapa nguvu mpya. Mwishoni panapendekezwa ushahidi wa aina tatu unaoweza kutumiwa kupima upangaji, urekodi na uhariri.

Utangulizi

Nchini Kenya, kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Miongoni mwa masomo yaliyo katika mkondo wa sanaa na michezo ni Thieta na Filamu. Kabla ya hapo, filamu za wanafunzi zilikuwa tayari zimepata nafasi katika tamasha la kitaifa la drama la shule. Kwa hiyo, swali si tena iwapo mwanafunzi ashike kamera. Swali ni kazi yake itasomwaje na itapimwa kwa kigezo kipi.

Insha humtaka mwanafunzi aeleze anachokijua. Filamu ya hali halisi humtaka akubali kwamba huenda hakijui. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea pale darasa linapoichukulia filamu kuwa insha iliyopambwa kwa picha. Sauti ya msimulizi huandikwa kwanza, picha hutafutwa baadaye ili kuithibitisha, na mtu anayehojiwa hugeuka kuwa kielelezo cha hoja ambayo hakushiriki kuijenga.

Urithi wa sauti ya juu

Mtindo huu haukubuniwa na wanafunzi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, ulioendeshwa kutoka Vugiri katika Tanganyika na kuongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzionyesha sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki na Kati. Picha zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kando kwenye sahani za santuri, katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Matokeo ya utaratibu huo yalikuwa makubwa kuliko ufundi wenyewe: picha ileile iliweza kubadilishiwa lugha kadiri ya watazamaji, lakini mkulima aliyeonekana ndani yake hakusikika katika lugha yoyote.

Ingekuwa dhuluma kudai kwamba mwanafunzi wa leo anaiga sinema ya kikoloni kwa makusudi. Umbo ndilo lililodumu, kupitia filamu za mafunzo ya afya na kilimo na kupitia taarifa za televisheni, hata likaonekana kuwa ndilo umbo la kawaida la ukweli.

Hata hivyo, njia nyingine zimekuwepo muda mrefu. Katika filamu ya Chronique d'un été ya mwaka 1961, Jean Rouch na Edgar Morin waliwaonyesha washiriki picha walizowapiga mjini Paris, kisha wakarekodi ubishi wao juu ya picha hizo na kuuingiza ndani ya filamu. Nchini Kenya, katika Thank You for the Rain ya mwaka 2017, mkulima Kisilu Musya alishika kamera na kurekodi maisha ya familia yake kwa miaka kadhaa, huku Julia Dahr akiwa mwongozaji. Kazi zote mbili zinakubaliana na methali ya Kiswahili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Upangaji: swali au jibu?

Ili hoja isibaki hewani, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Wanafunzi watano wa Kisumu wanataka kutengeneza filamu ya dakika tano kuhusu gugu maji katika ufuo wa Dunga, penye wavuvi, wachuuzi wa samaki na mafundi wanaosuka vitu kutokana na gugu hilo. Kundi linaweza kupanga kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza linaandika: gugu maji limeharibu uvuvi, mvuvi atalalamika, serikali itaombwa isaidie. Katika njia ya pili linaandika: nani huamka wa kwanza ufuoni? Gugu likisukumwa na upepo hadi kando, nani hupoteza siku yake ya kazi, na nani huipata?

Mpango wa kwanza ni rahisi kuusahihisha, kwa sababu unafanana na muhtasari wa insha. Wa pili unaonekana kutokamilika, lakini ndio unaowalazimisha wanafunzi kuamua wafike saa ngapi, wasimame wapi na wamsikilize nani. Mwalimu anayedai mswada kamili, pamoja na maneno ya kufungia filamu, kabla ya siku ya kurekodi huwa ameshachagua njia ya kwanza kwa niaba ya darasa lake.

Urekodi: lugha ya anayehojiwa

Ufuoni kuna upepo, na maikrofoni ya simu iliyo hatua nne kutoka kwa msemaji itanasa upepo kuliko maneno. Wanafunzi wengi hujifunza jambo hili baada ya kurudi darasani, wakati haliwezi tena kurekebishwa. Hata hivyo, kuna hasara nyingine isiyosikika kwa urahisi hivyo. Mchuuzi akiulizwa kwa Kiswahili cha shule, huenda akajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kidholuo, akitaja mbuta, ngege na omena. Mwanafunzi mwenye hofu ya kupunguziwa alama humwambia: "Mama, tafadhali rudia kwa Kiswahili sanifu." Mama hurudia. Sentensi inanyooka, lakini mfano aliokuwa ameanza kuutoa unakatika, na uso wake unakuwa wa mtu anayefanya mtihani.

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Darasa la Kiswahili lina wajibu wa kufundisha usanifu, na wajibu huo hauna budi kulindwa. Lakini anayefundishwa ni mwanafunzi, si mchuuzi. Sera isiyotenganisha wawili hao itazalisha filamu ambamo wakazi wote wa Afrika Mashariki wanazungumza kama vitabu vya kiada, huku maarifa yaliyomo katika lugha zao za kazi yakiachwa nje.

Uhariri: neno "lakini"

Na ichukuliwe kwamba mvuvi wa mfano huu anasema: "Gugu hili linatufungia njia ya mashua, lakini mke wangu anasuka vikapu kwa hilohilo, na ndivyo tulivyolipa karo." Kundi lililopanga kwa njia ya kwanza litakata baada ya neno "mashua". Hakuna uongo uliosemwa. Kila neno lililobaki ni la mvuvi mwenyewe, na bado maana yake imeibwa. Uhariri, basi, ni kitendo cha tafsiri, na unastahili kupimwa kwa ukali uleule unaotumika kupima tafsiri ya maandishi: je, kilichoachwa kimebadilisha maana ya kilichobaki?

Suala hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazipa ridhaa na haki za mtoto nafasi ya pekee. Mtu aliyeridhia kupigwa picha akieleza maisha yake hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia kuwa nusu ya sentensi. Kumrudia na kumwonyesha kazi kabla haijawasilishwa ni adabu, na pia ni njia bora ya kugundua makosa ya ukweli.

Pingamizi na funzo la jirani

Pingamizi la kwanza ni la walimu: muhula ni mfupi, darasa ni kubwa, na pengine simu ni moja. Ni kweli. Lakini jibu lake ni kupunguza urefu wa filamu hadi dakika tatu, si kupunguza hatua za kazi. Pingamizi la pili ni kwamba msimulizi hawezi kuepukwa. Hili nalo lina ukweli, na Uganda inatoa funzo. Wasimulizi wa Kampala wajulikanao kama mavijei huzitafsiri filamu za kigeni kwa Kiganda juu ya sauti ya asili, wakiongeza utani na maoni yao. Mtazamaji hadanganyiki: anajua kwamba anayesema ni vijei, si mwigizaji. Kwa hiyo kosa si kuwepo kwa msimulizi. Kosa ni msimulizi anayejificha nyuma ya picha kana kwamba picha ndizo zinazosema.

Funzo hilo lina umuhimu kwa kanda nzima. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Mashariki mwa Kongo, Kiswahili cha Goma kina sura yake, mbali na usanifu wa Nairobi au Dar es Salaam. Filamu za wanafunzi zinaweza kuwa ghala la sura hizo zote, au zinaweza kuwa chombo cha kuzifuta.

Hitimisho na mapendekezo

Tathmini ya filamu ya darasani isiishie kwenye filamu yenyewe. Mwanafunzi awasilishe ushahidi wa aina tatu. Kwanza, mpango wa awali na mpango uliorekebishwa baada ya kurekodi, ili ionekane ni jambo gani lilimbadilisha mawazo. Pili, ukurasa mmoja wa mahojiano yaliyonukuliwa neno kwa neno, sehemu zilizokatwa zikiwa zimepigiwa mstari na kutolewa sababu. Tatu, maelezo mafupi ya yale aliyosema mhojiwa alipoonyeshwa kazi. Umilisi wa Kiswahili sanifu upimwe katika sauti ya msimulizi na katika tafsiri inayoandikwa chini ya picha, ambako kuhamisha kauli ya mchuuzi bila kuijeruhi ni mtihani mgumu kuliko kumtaka arudie.

Gharama ya mapendekezo haya ni karatasi chache na ziara moja zaidi. Yakipuuzwa, shule zitapata filamu zilizo safi, na mvuvi wa Dunga atakuwa ameonekana mara nyingine bila kusikika.