Haki ya Mtungaji na Jina la Msimulizi

Miongozo wanayopewa wanafunzi wetu juu ya wizi wa maandishi yafanana yote: ukichukua maneno ya mwenzio, yatie alama za mtajo, ukichukua wazo lake, mtaje, na mwisho orodhesha vitabu ulivyovisoma. Mafundisho hayo ni mema, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini yamewekwa kana kwamba elimu yote imo vitabuni. Mtu achunguzaye lugha na mapokeo ya Upare hupata katika vitabu sehemu ndogo tu ya ayahitajiyo. Iliyobaki huipata kwa watu, barazani, shambani na kando ya ziwa. Hoja yangu ni kwamba wizi mkubwa katika fani yetu hufanyika huko, na kwamba wengi wetu tuufanyao tunazo hati zilizotiwa sahihi kuthibitisha ya kuwa tumeufanya kwa halali.

Tuitazame kwanza sheria, maana wengi huichanganya na adabu ya usomi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, humlinda mtungaji muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kilindwacho ni namna ya kusema, si jambo lisemwalo. Basi mtu aweza kuwa mwizi wa maandishi pasipo kuvunja sheria, achukuapo fikira ya mwingine na kuivika maneno mapya. Tena aweza kuvunja sheria pasipo kuwa mwizi wa maandishi, atoapo nakala za kitabu kizima na jina la mwenyewe lingali juu ya jalada. Tangu 1994 Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, na mkataba huo wahesabu hata mihadhara, hotuba na mahubiri kuwa kazi za kulindwa, tena wampa mtungaji haki ya kujulikana kuwa ndiye mtungaji. Kwa hiyo si kweli kwamba neno la mdomo halina mwenyewe.

Ugumu waingia katika sanaa za jadi. Sheria yetu ya 1999 inayo sehemu yake ya kuzilinda, na kabla yake UNESCO na WIPO walikwisha kutoa mwaka 1982 vielelezo vya sheria ya namna hiyo. Vielelezo hivyo vyataka mwenye kuzitumia ataje asili yake, yaani jamii au mahali zilikotoka. Jamii au mahali! Habari ikitoka Jipe, imetosha kuandika kwamba ni ya Wapare, au ni ya Jipe. Aliyeketi akaisimulia kwa ufasaha wake hana nafasi hapo.

Ziwa Jipe liko mashariki ya milima ya Ugweno, na mpaka wa Tanzania na Kenya wapita ndani yake. Maji yake huletwa na mto Lumi kutoka Kilimanjaro, hutoka kwa mto Ruvu, na mafunjo yamelisonga sana. Kwa mwanaisimu ni mahali pa thamani: Chasu chakutana hapo na Kigweno, kilicho jamaa ya lugha za Uchaga, na ng'ambo ya maji kuna Kitaveta, juu ya zote kimetanda Kiswahili cha wavuvi. Nilipokuwa nikitayarisha tasnifu yangu katika chuo kimoja cha nchi za nje, nalikwenda huko kukusanya maneno ya uvuvi na ya mimea ya majini. Mzee mmoja alinivumilia siku tisa. Wala hakunipa maneno matupu. Alinieleza jina la jani likiwa limesimama majini, na jina lake likiisha kukatwa kwa kusukwa; akanionyesha kwamba majina mawili niliyokuwa nimeyaandika kuwa ni visawe sivyo kamwe, na sababu yake. Uchambuzi ule ulikuwa wake. Katika tasnifu nimeandika: “data zaonyesha”. Naye nimemwita Msimulizi wa 4, kwa kuwa kanuni za maadili ya utafiti zilitaka majina yafichwe, na yeye mwenyewe alikuwa ametia sahihi karatasi ya idhini ambayo nilimsomea upesi upesi jua likichwa.

Nilipompelekea nakala iliyojalidiwa alimpa mjukuu wake amtafutie jina lake. Mtoto akafunua, akafunua tena. Nikaanza kueleza habari za kanuni. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilikuficha neno gani, hata wewe ukanificha mimi?”

Baadaye nikasoma makala ya wengine iliyotumia upambanuzi ule wa majina ya majani, nayo imenitaja mimi, jina na mwaka, kwa utaratibu usio na dosari. Nimeheshimiwa kwa jambo nililofundishwa. Programu za kompyuta zilinganishazo maandishi zingewapitisha waandishi wale, nami zingenipitisha.

Tabia hii si ya leo, wala si ya bara peke yake. Wasomaji wa jarida hili wakijua kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa Göttingen mwaka 1903. Jina lililotangulia ni la Carl Velten, mkusanyaji. Ingawa wengine nao walichangia, sehemu kubwa ya kitabu ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Velten hakuwa mtu asiyejua kutaja: katika Safari za Wasuaheli, 1901, safari ya Urusi na Siberia yajulikana wazi kuwa ni ya Selim bin Abakari. Lakini kwa muda mrefu wanafunzi walizoea kusema “kitabu cha Velten”, mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981, na jina la Mtoro limo katika anwani yake. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Kwa hesabu ya miaka 50 haki yake ingalikwisha pamoja na mwaka 1977. Kwa hesabu ya miaka 70, pamoja na 1997. Allen, basi, alimrudishia jina wakati ambao kwa kipimo cha kwanza hapakuwa na mrithi wa kudai hata senti. Nadhani hapo ndipo ionekanapo tofauti ya hakimiliki na uaminifu kuliko katika mwongozo wowote.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya heshima tu. Hasha, ni mambo ya ushahidi. Kitabu cha Isaria Kimambo, A Political History of the Pare of Tanzania, kilichotolewa Nairobi mwaka 1969, kimejengwa juu ya masimulizi ya wazee, na mwandishi hakulificha hilo. Lakini wengi waliomfuata huandika “kwa mujibu wa Kimambo” hata palipo na neno la mzee ambalo yeye alilipima tu. Kazi tano zikikubaliana juu ya jambo moja la Ugweno, nasi hatujui ni nani aliyelisema, twadhani tunao mashahidi watano. Pengine tunaye mmoja aliyenukuliwa mara tano. Kadhalika sarufi ya Chasu ya Ernst Kotz, iliyotoka Berlin mwaka 1909: ni ya Kijerumani, na mtu aweza kuihamisha kwa Kiswahili, aya baada ya aya, pasipo chombo chochote kumshika. Kufasiri hakuhamishi umiliki wa uchambuzi, na asomaye atadhani lugha imechunguzwa upya.

Nakiri kwamba kuficha jina mara nyingine ni wajibu. Msimulizi wa ugomvi wa mashamba au wa habari za laana aweza kudhurika akijulikana. Lakini jina la jani la ziwani halimdhuru mtu. Kosa letu ni kufanya fichio kuwa desturi na kutaja kuwa jambo la kuombewa ruhusa. Karatasi ya idhini na iulize yote mawili, kwa lugha aijuayo mwenye kuulizwa, tena mchana. Anayekubali atajwe ndani ya matini kama atajwavyo mwenye kitabu: jina, mahali, siku ya mazungumzo, na pale alipochambua, iandikwe kwamba alichambua.

Kwa upande wangu nimerudi Jipe na karatasi mpya. Katika wasimulizi kumi na mmoja, tisa walitaka majina yao yaandikwe na mmoja alikataa. Wa kumi na mmoja alikwisha kufariki, na watoto wake bado wanashauriana. Ukurasa wa masahihisho umetiwa katika nakala ya tasnifu iliyoko maktabani, na Msimulizi wa 4 ana jina lake hapo. Humu sikumtaja, kwa kuwa idhini aliyonipa ni ya kitabu kile, na ya jarida hili sijamwomba.